Bomba limevuja: ushike spana mwenyewe au umwite fundi?

Watu wengi wakikuta maji yametanda chini ya sinki hujiuliza kwanza kama kazi iliyopo mbele yao ni ngumu au rahisi. Swali hilo haliwafikishi mbali. Kupitisha bomba ndani ya ukuta hakuhitaji nguvu nyingi wala akili ya ajabu, na kijana mwepesi anaweza kulimaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini akikosea, kosa lake linafukiwa kwa plasta na marumaru, na mwenye nyumba analigundua miezi kadhaa baadaye, rangi ikianza kubanduka na bili ya maji ikipanda bila sababu. Kubadilisha koki ya jikoni kunaweza kukutoa jasho zaidi, ila ukikosea maji yanakudondokea miguuni saa ileile. Unafunga, unafungua, unarudia.

Kwa hiyo kipimo ninachokiamini mimi ni kimoja: kosa likitokea, utaliona? Kazi ambayo kosa lake linaonekana mara moja na kurekebishika, ifanye mwenyewe hata kama hujawahi. Kazi ambayo kosa lake linajificha, au linaweza kumuumiza mtu, mpe anayeijua. Ninazungumzia hapa nyumba za kawaida za Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania: mita ya mamlaka ya maji karibu na geti, tanki la plastiki juu ya mnara, pengine jingine chini lenye pampu, na karo la maji taka uani. Msomaji wa Mombasa au Kisumu atabadilisha majina ya ofisi tu, mabomba ni yaleyale.

Jua maji yanafungwa wapi

Usiguse kitu chochote kabla ya kujua maji yanafungwa wapi. Zunguka nyumba mchana, ukiwa hujapatwa na tatizo, utafute koki zote za kufungia. Kwa kawaida kuna moja baada ya mita, moja kwenye bomba linaloingiza maji tankini, moja kwenye bomba linaloyatoa tankini kwenda ndani, na kama aliyejenga alikuwa makini, moja kwa kila bafu na koki ndogo chini ya sinki na pembeni ya choo.

Hapa ndipo watu hunaswa. Nyumba nyingi zina njia mbili za maji: ya moja kwa moja kutoka mitaani na ya tanki. Mtu anakimbia kufunga koki ya mita, anarudi anakuta maji bado yanamwagika, kwa sababu lita 2,000 zilizo juu ya mnara zinaendelea kushuka kwa uzito wake zenyewe. Fanya jaribio: funga unayodhani ndiyo koki kuu, kisha fungua bomba la jikoni na la bafuni uyaache wazi. Yakikauka baada ya muda mfupi, umeipata. Yakiendelea, bado kuna njia nyingine.

Angalia pia aina ya koki yenyewe. Zile za kuzungusha, zenye kichwa kama gurudumu dogo, zikikaa miaka bila kuguswa hung'ang'ania, hasa kwa maji ya visima vya pwani yenye chumvi. Ukiikuta imegoma, usiilazimishe kwa spana kubwa. Shina lake linaweza kukatika ndani, ukabaki na koki isiyofunga wala kufungua. Koki ya mkono mmoja, ile inayogeuzwa robo tu ya mzunguko, hudumu zaidi na unaiona kwa mbali kama imefungwa au imefunguliwa. Ikiwa koki yako kuu haifungi vizuri, kazi ya kwanza ya kumwitia fundi umeshaipata: abadilishe hiyo kabla ya mambo mengine yote, maana bila hiyo hakuna unachoweza kujifanyia ndani kwa usalama.

Ukishazijua, waonyeshe wote wanaoishi hapo. Dada anayeshinda nyumbani na mtoto ndiye atakayekutana na mpira uliopasuka saa nne asubuhi, wewe ukiwa kazini. Mwonyeshe kwa vitendo, afunge na kufungua kwa mkono wake.

Tafuta tatizo lilipo hasa

Fundi akija na kuambiwa tu "maji yanapotea", atalipwa pia kwa muda wa kutafuta, na pengine atavunja ukuta usiohusika. Kutafuta unaweza mwenyewe, na hakuna unachoharibu.

Anza na mita. Funga mabomba yote ndani, hakikisha hakuna choo kinachojaza, kisha funga koki inayoingiza maji tankini. Soma mita, na utazame kile kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yakiwa machache. Kikitulia, bomba la kutoka mita hadi tankini ni zima. Kikiendelea kuzunguka ilhali kila kitu kimefungwa, bomba lililo kati ya mita na koki ulizozifunga limetoboka, mara nyingi ardhini. Sasa fungua tena koki ya tanki, uliache lijae. Likishajaa na mita bado inatembea, basi boya la tanki, lile linalopaswa kufunga maji likijaa, halifungi, na maji yanamwagika kupitia bomba la kufurikia, mara nyingi usiku watu wakiwa wamelala. Kumbuka uniti moja kwenye bili ni lita 1,000.

Mita haitakuonyesha uvujaji ulio baada ya tanki ikiwa umeifungia njia. Kwa huo, subiri usiku wote wakishalala. Funga maji yanayoingia tankini, weka alama ya usawa wa maji, ukaangalie alfajiri kabla mtu hajaoga. Usawa ukiwa umeshuka, yapo yanakopotea ndani, na mshukiwa wa kwanza ni choo. Dondoshea rangi ya chakula kwenye tanki la choo, usivute, subiri dakika 20. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini ya tanki la choo haukai vizuri. Uvujaji huu hauna kelele wala haulowanishi sakafu, na ndiyo maana unakula pesa nyingi kuliko ule unaokukera.

Kwa koki inayodondosha, kinga chupa ya nusu lita na utazame saa. Ikijaa kwa saa moja, unapoteza lita 12 kwa siku, lita 360 kwa mwezi wa siku 30. Kwa anayenunua maji kwa madumu ya lita 20, hayo ni madumu 18.

Jambo moja la mipaka. Mita na bomba lililo kabla ya mita ni mali ya mamlaka ya maji, kwa Dar es Salaam DAWASA. Likipasuka huko, toa taarifa, usiliguse na usimruhusu fundi wa mtaani aliguse, hata akikuambia ni dakika mbili. Kuchezea mita au miundombinu ya maji ni kosa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Kilicho baada ya mita ni chako, pamoja na bili ya maji yanayovuja hapo.

Kazi ambazo ni zako

Vifaa vyenyewe si vingi: spana ya kurekebisha, spana ya bomba yenye meno, bisibisi mbili, koleo, ndoo, matambara, brashi ya meno iliyochakaa, na utepe mweupe ule mafundi wanaouita thredi tepu. Vyote vinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi na vitakaa nyumbani miaka mingi.

Koki inayodondosha ndiyo shule nzuri ya kuanzia. Kwanza itambue. Ikiwa unaizungusha mara kadhaa ndipo ifunge, ndani yake kuna washa ya mpira, kile kipete kinachoziba maji. Ikiwa inageuka robo mzunguko tu au ni ya kunyanyua, ndani kuna katriji, kipande kizima kinachofungua na kufunga maji. Funga maji, fungua koki mpaka ikauke, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie. Toa kifuniko cha juu, fungua skrubu ya kichwa, kisha tumia spana kufungua nati kubwa iliyo chini yake, mkono mwingine ukiwa umeshika mwili wa koki usizunguke pamoja na nati. Hapo utatoa shina, na mwisho wake utaona washa. Kama imelika au imekuwa ngumu, ichukue kama ilivyo uende nayo dukani. Usikariri saizi kichwani, mpe muuzaji ile ya zamani aifananishe. Katriji vilevile, nenda nayo mkononi, maana zinatofautiana sana.

Kabla ya kurudisha, pitisha kidole kwenye kikalio cha washa ndani ya koki. Kikiwa laini, weka mpya, funga, fungua maji pole pole. Kikiwa na mikwaruzo au kimeliwa na chumvi, washa mpya haitamaliza wiki nyingi. Badilisha koki nzima, nayo bado ni kazi yako ikiwa imefungwa kwa mpira unaonyumbuka, uliofumwa kwa nyuzi za chuma, chini ya sinki. Ikiwa imekaa moja kwa moja kwenye bomba linalotoka ukutani, ifungue kwa utaratibu huku ukilishikilia bomba kwa spana ya pili. Bomba la zamani la chuma lililoshika kutu linaweza kukatikia ndani ya ukuta. Ukisikia bomba lenyewe linazunguka badala ya koki, acha hapohapo. Hapo kazi imehama kwako.

Thredi tepu inazungushwa kwenye thredi za nje, yaani ile mikato ya skrubu, kufuata mwelekeo wa mshale wa saa ukiwa unaitazama ncha yenye thredi. Ukiizungusha kinyume, itajikunja na kutoka wakati unakaza. Mizunguko mitano hadi minane iliyovutwa vizuri inatosha kwa bomba la nusu inchi. Nimeona watu wakizungusha nusu ya roli nzima kwa kudhani wingi ndio usalama, kisha koki ya plastiki inapasuka wakati wa kukaza. Plastiki ifunge kwa mkono mpaka igome, halafu ongeza kidogo kwa spana. Nati za ile mipira ya chuma zina washa yake ndani na hazihitaji tepu hata kidogo: mkono, kisha robo mzunguko wa spana. Ukiona inavuja, kagua kama washa imekaa sawa kabla ya kuongeza nguvu.

Mpira huo wenyewe ubadilishe ukiona nyuzi zake za nje zimeanza kukatika au nati ina kutu. Ni kazi ya dakika chache na bei yake ni ndogo, lakini ukipasuka nyumba ikiwa tupu unaweza kufurisha vyumba vyote. Mimi huu ndio mpira ninaomsisitizia kila mtu, hasa mwenye makabati ya mbao jikoni.

Tanki la choo linalojaza bila kukoma lina sababu mbili za kawaida. Ama mpira wa chini umechoka, ama boya limepanda mno na maji yanaingia kwenye bomba la katikati la kufurikia. Maji yanapaswa kusimama chini ya mdomo wa bomba hilo kwa kama sentimita mbili. Shusha boya kwa skrubu yake, au kwa yale ya zamani kunja kidogo mkono wake wa chuma. Mpira wa chini usafishe kwanza, maana mara nyingi ni utelezi au mchanga tu uliokaa hapo. Ukiwa umechakaa, unauzwa peke yake. Hulazimiki kununua mashine nzima ya ndani.

Sinki lililoziba: weka ndoo chini ya ule mkunjo wa bomba au kichupa kilicho chini ya sinki, ufungue kwa mkono, umwage, usugue, urudishe. Mkunjo huo una kazi yake, maji yanayobaki ndani ndiyo yanayozuia harufu ya karo isipande jikoni, kwa hiyo usikubali mtu akuondolee na kukuwekea bomba lililonyooka. Kama kizuizi kiko mbele zaidi, tumia kizibuo cha mpira, halafu waya wa kuzibulia. Maji yanayochemka usiyamwage kwenye bomba la PVC, yanalegeza plastiki na viungo vyake.

Kuhusu dawa za kuzibulia ningependa nisikilizwe vizuri. Magadi makali ya dukani (kostiki soda) yanachoma ngozi na macho, na yakikutana na maji yanachemka. Ukiyatumia, yaingize kwenye maji kidogo kidogo, usimwage maji juu yake. Usichanganye dawa mbili. Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini ikikutana na tindikali ya kusafishia choo inatoa gesi ya sumu, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kimoja tu. Ikiwa umeshamwaga dawa na haikufanya kazi, ukaamua kumwita fundi, mwambie kabla hajafungua chochote. Yeye ndiye atakayeweka uso chini ya sinki hilo.

Kuna tatizo jingine linalowapa mafundi pesa bila sababu: tanki limekauka, maji yakarudi, lakini ndani mabomba yanatoa pumzi na kukohoa. Hiyo ni hewa iliyonasa. Acha tanki lijae angalau nusu, fungua kikamilifu mabomba yote ukianza na la chini kabisa, labda lile la nje la bustani, yaache yatiririke mpaka yaache kutema hewa. Kisha funga moja moja ukianzia chini. Ikiwa hewa inarudi kila mara, bomba lilipitishwa likiwa na nundu mahali fulani, na hilo ni la fundi.

Ya katikati

Bomba la PVC la maji safi lililo nje ya ukuta, mahali unapoliona, linaweza kuwa lako ukiwa mvumilivu. Kata kwa unyoofu, sugua ncha kwa msasa, safisha, paka gundi pande zote mbili, sukuma ndani huku ukizungusha kidogo, shikilia. Kosa la wengi ni kuunganisha bomba likiwa bado linadondosha, au kufungulia maji kabla gundi haijakauka. Soma muda ulioandikwa kwenye kopo, uuheshimu.

Mabomba ya PPR, yale ya kijani au meupe yaliyoenea katika nyumba mpya, hayana gundi. Yanayeyushwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 za Selsiasi, bomba la milimita 20 kwa sekunde 5 hivi, kisha linasukumwa ndani bila kuzungushwa. Likiyeyuka kupita kiasi, plastiki inajaa ndani na kuziba nusu ya njia. Likiyeyuka kidogo, kiungo kinaachia baada ya muda. Kwa kiungo kimoja, kununua mashine hakuna faida, na kosa lake ni la kujificha. Hiyo ni ya fundi.

Boya la tanki la juu ni rahisi kulibadilisha, ila lipo juu. Kama mnara hauna ngazi imara na mahali pa kusimama, usipande kwa ajili ya kuokoa hela ya ufundi.

Zile usizozigusa

Shawa ya umeme ndiyo ya kwanza. Inavuta kilowati kadhaa, imekaa juu ya mtu aliyelowa, peku, kwenye sakafu yenye maji. Inahitaji waya wa unene unaostahili, waya wa ardhini unaofanya kazi, na swichi inayojizima yenyewe umeme ukivuja. Fundi bomba aunganishe maji, na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aunganishe umeme. Najua mtaani mtu mmoja huahidi zote mbili kwa bei ya moja. Kataa. Ukihisi mtekenyo wa umeme unapogusa koki au unapooga, zima swichi kuu na msioge hapo mpaka umeme ukaguliwe, hata kama mtekenyo ni mdogo kiasi gani. Pampu pia iko kundi hili kwa upande wa nyaya zake. Hita kubwa ya kuhifadhi maji ya moto nayo ina valvu ya kutoa shinikizo, na valvu hiyo haizibwi kamwe, hata kama inadondosha. Kudondosha kwake ndiko kunakozuia tanki lisipasuke.

La pili ni karo. Hakuna mtu anayepaswa kuingia ndani ya karo la maji taka au chemba yenye kina, hata lililokauka, hata kwa dakika moja. Gesi ya haidrojeni salfaidi hukusanyika humo, nayo ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo aliye ndani hajui kwamba ipo. Hewa ya kupumua nayo ni kidogo. Anayeanguka hufuatwa na ndugu anayetaka kumwokoa, naye akaanguka. Karo likijaa, ita gari la kunyonya. Kijana akijitolea kushuka na ndoo kwa elfu kadhaa, mkatalie kwa ajili yake yeye na wazazi wake. Usimwachie uamuzi huo mtu mwenye shida ya pesa.

Mabomba ya maji taka kwa ujumla ni ya fundi, tena mzuri. Bomba la inchi nne linahitaji mteremko wa kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Likilala, uchafu unabaki. Linahitaji chemba kila linapokata kona, ili siku likiziba liweze kufikiwa, na bomba la kupumulia lililopanda juu ya paa. Shimo la kunyonyea, lile linalopokea maji ya karo yazame ardhini, likae mbali na kisima, kanuni inayotumika sana ni mita 30 angalau, na mbali na tanki la ardhini la maji safi. Haya yakikosewa hayaonekani mpaka mtu augue.

Mnara wa tanki pia. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, na tanki la lita 5,000 ni tani tano juu ya vichwa vya watoto wanaocheza chini. Msingi na nguzo ni kazi ya anayejua ujenzi. Na kama shida yako ni maji dhaifu ghorofani, ujue kila mita ya kimo kutoka kwenye maji ya tanki hadi kwenye shawa inatoa shinikizo la baa 0.1 tu. Tanki lililo mita tatu juu ya shawa linakupa baa 0.3. Kubadilisha koki hakutaongeza kitu. Inahitajika tanki lipandishwe au pampu ya kusukuma, na ukishajua hivyo hutauziwa vifaa visivyosaidia.

Mwisho wa kundi hili ni kila bomba lililo ndani ya ukuta au chini ya sakafu, na kila kitu kwenye ghorofa lenye majirani chini yako. Hapo kosa lako linaingia kwa dari ya mwenzako.

Kumpata fundi na kufanya naye kazi

Fundi aliyesomea ufundi bomba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ana cheti, na VETA pia huwapima na kuwatambua mafundi waliojifunza kazini bila kukaa darasani. Cheti ni mwanzo mzuri, ila mimi humwamini zaidi fundi ambaye kazi yake ya mwaka juzi naweza kwenda kuiona. Mwulize alifanya nyumba gani jirani, uende umwulize mama mwenye nyumba kama chochote kimevuja tangu wakati huo.

Akija, mwonyeshe ulichokwisha kukigundua kwenye mita na kwenye tanki, kisha umsikilize. Fundi mzuri ataanza kwa kuuliza na kufungua koki. Anayetaja bei akiwa bado yuko mlangoni mtilie shaka. Mwombe orodha ya vifaa yenye saizi na idadi, nenda naye dukani au ununue mwenyewe, risiti ibaki kwako. Hela ya ufundi iwe kando na hela ya vifaa. Malipo ya kuanzia yawe ya kumwezesha kufika na kula, na sehemu kubwa isubiri kazi. Lakini ukishakubaliana naye mpe haki yake kwa wakati. Fundi anayezungushwa kulipwa hatarudi siku utakapomhitaji usiku.

Kwa kazi ya ukutani, sharti langu ni moja na halijadiliwi: hakuna plasta wala marumaru kabla ya majaribio. Fundi azibe ncha zote, ajaze maji, na akiwa na pampu ya kupima shinikizo aitumie, sindano ya geji isishuke. Akiwa hana, mabomba yabaki na maji ndani, yakiwa hayajafunikwa, usiku kucha, asubuhi mpitie kila kiungo kwa tishu kavu. Tishu huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kabla ya kufunika, piga picha za kuta zote ukiwa umenyoosha futi kutoka sakafuni hadi kwenye bomba, uzihifadhi. Siku ya kutoboa ukuta ili kutundika kabati la jikoni, picha hizo zitakuokoa.

Kama umepanga, mpigie mwenye nyumba kabla ya kumwita mtu yeyote. Mweleze kwa ujumbe wa simu wenye picha, mkubaliane nani analipa na kama inakatwa kwenye kodi. Washa ya koki haina haja ya mazungumzo, ibadilishe tu. Kuvunja ukuta wa mtu ni jambo jingine. Na kama mwenye nyumba hapokei simu huku maji yanamwagika, funga koki kuu, chukua video inayoonyesha uvujaji, kisha mtafute fundi wa kuzuia tu, siyo wa kujenga upya.

Siku ya kumaliza, simama na fundi akufungulie maji mbele yako, kila koki, kila choo kivutwe mara mbili, sinki lijazwe na kuachiwa kwa mara moja ili mkunjo wa chini ubebe maji yote. Kubalianeni atarudi bila malipo ya ufundi ikiwa kiungo chake kitavuja ndani ya muda mtakaoutaja, mwezi mmoja au mitatu, na uandike hilo nyuma ya risiti ya vifaa pamoja na namba yake ya simu.